Kilichobaki Mfukoni

Seremala alikutwa asubuhi kitandani, midomo imebadilika rangi, povu limekauka puani. Mkewe akapiga ukunga. Mdogo wa marehemu alifika mbio, na kabla maiti haijafunikwa akamnyooshea mjane kidole: "Shemeji, umemziba pumzi kwa mto!"

Maabara iliyopima damu ya marehemu ikajibu kwamba dawa za kulevya na za usingizi hazikuonekana. Basi mjane akatiwa mahabusu, na ukweni wakaapa hatakanyaga mazishini.

Mpelelezi, mwanamke mbishi kwelikweli, jibu lile halikumwingia akilini. Alimfuata mkemia wa maabara.

"Hazikuonekana, au hazikuwemo?"

Mkemia akavua miwani. "Tunaona tunachokitafuta, dada. Hizi dawa mpya watengenezaji wanazigeuza kidogo tu, kipimo cha haraka hakizitambui."

"Basi tafuta hiki." Akaweka mezani nusu ya kidonge cha kijani, aliyoitoa kwenye suruali ya kazi ya marehemu. Hakuwa amemwambia mtu mwingine.

Safari hii mkemia alitumia mashine kubwa, akarudi na uso mzito. Ndani ya nusu ile mlikuwa na dawa ya kutuliza maumivu, yenye nguvu kuliko mofini, imechanganywa na ya usingizi. Zote mbili zilikuwemo kwenye damu.

Mwenye duka la dawa la mtaani alipekuliwa, hakukutwa na kitu. Mpelelezi akaenda msibani, akaketi sebuleni mbele ya mama wa marehemu na mwanawe mdogo, yule aliyemshutumu mjane.

"Kaka yako alikuwa akimeza dawa?"

"Za mgongo, afande. Shemeji ndiye aliyekuwa akimpa."

"Inaonekana alimeza pakiti nzima."

"Pakiti? Alimeza nusu tu!"



"Nusu ya pili ninayo mimi," mpelelezi akasema taratibu. "Nani alikuambia kuhusu nusu?"

Kijana akamgeukia mama yake. "Ninaviuza vidonge hivyo, mama. Alilalamika hapati usingizi, nikamwambia ajaribu nusu. Aliyeniletea alisema hakuna kipimo kinachoviona."

"Ndiyo maana ukamsingizia mke wa ndugu yako?" mpelelezi akauliza.

"Niliogopa."

Mama hakumtazama. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Aliinuka, akatafuta viatu vyake, akaomba apelekwe kituoni.

Mlango wa mahabusu ulipofunguliwa, mjane alirudi nyuma akidhani amefuatwa kutukanwa. Mama mkwe akamshika mikono yote miwili.

"Toka, mwanangu, tukamzike mumeo. Nimebaki na wewe tu."