Kasha Lenye Picha ya Kisima

Jua la Idi pili lilikuwa linaelekea kuzama Mwanamkasi alipotoka kwake Makorora kurudisha sinia la watu. Sinia lenyewe lilikuwa la shangazi yake wa Mabawa. Lilikuja jana na pilau, na kwa adabu zetu sinia halirudi tupu, kwa hiyo alilijaza vitumbua akalifunika kawa. Mwanawe Sabiha alitangulia mbele, gauni jipya, viatu vipya vinambana na hataki kusikia habari ya kuvivua. Mumewe Uweso alikuwa Pemba kwenye karafuu. Idi ile walikuwa wawili tu, mama na mwana, na mama hakuwa na mtoto mwingine.

Njia ya mkato ilipita uwanja wa pembea.

Enzi zile za Mwingereza, Idi ya mtoto wa Tanga bila pembea haikuwa Idi. Gurudumu kubwa la mbao, makasha yananing'inia, wanaume wanalisukuma kwa mikono, watoto wanapiga mayowe mpaka sauti zinakauka. Hii ilikuwa ya Mzee Mselem, mtu wa upande wa Pangani, aliyekuja nayo kila Idi vipande vipande ndani ya lori. Nje ya makasha alikuwa amepaka maua na nyota. Ndani je? Hakuna mzazi aliyewahi kutazama. Mzazi gani mwenye akili zake anapanda pembea?

"Mama, mara moja tu!"

"Jua linazama, Sabiha. Shangazi anangoja sinia lake."

"Mara moja tu, haki ya Mungu!"

Watoto wengine walikuwa wameshashuka. Wasukumaji walikuwa wamekwenda kutafuta chai. Mzee Mselem alikuwa amesimama peke yake, kiganja kwenye mbao.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwache apande. Ni zawadi yake ya Idi."

Basi Sabiha akapanda. Mzee akasukuma polepole, na mbao zikaanza kulia. Kriii... kriii... Kasha likainuka. Na hapo mzee akapaza sauti.

"Paukwa!"

Mwanamkasi alishtuka. Jua lilikuwa bado linaonekana! Na wewe unajua, kwetu hadithi haitolewi mchana. Sote tulitishwa na bibi zetu, mara utaota mkia, mara utapotea usionekane. Sabiha alilelewa hivyohivyo. Kule juu akafunga mdomo wake, akatulia.

"Paukwa!"

Kimya. Mzee akainamisha kichwa kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Mwanamkasi akaona haya. Mzee mwenye mvi anaita mara ya pili, na mtoto wako anamnyamazia! Adabu... Jamani, hizi adabu zetu siku nyingine zinatumaliza.

"Mjibu mzee, mwanangu!" akaita. "Usimfedheheshe."

Sauti ndogo ikatoka juu.

"Pakawa."

Kasha likapita kileleni. Mzee alikuwa ameanza kusimulia, lakini kwa kunong'ona, midomo karibu na mbao, kana kwamba anaisimulia pembea yenyewe. Mwanamkasi hakuambulia neno. Alichoambulia ni harufu. Tope. Majani yaliyooza. Maji yaliyokaa gizani muda mrefu. Ilishuka kutoka juu ikampiga puani, halafu ikapotea.

Sabiha akashuka. Hakucheka. Hakulalamikia viatu. Mama yake alipomshika mguu kumsaidia, maji yakachuruzika ndani ya kiatu.

"Umelowa wapi wewe?"

Mtoto akamtazama tu.

Walirudi nyumbani na sinia lao, Mabawa hawakufika tena. Usiku ule mtoto hakula. Asubuhi ya Idi tatu hakula. Akipitishwa karibu na mtungi wa maji anatetemeka mwili mzima. Akiitwa Sabiha hageuki. Alikaa kwenye kona ya ukumbi, magoti kifuani, akisema neno moja kila baada ya kitambo, na sauti ilikuwa inatoka mbali, huko chini.

"Kamba fupi... kamba fupi..."

Jirani yake Beatrisi, mke wa fundi wa reli, Mkatoliki kutoka milimani, alikuja na uji. Akamshika mtoto shavu. Akautoa mkono upesi.

"Mama Sabiha, homa gani hii isiyo na joto?"

"Sijui, dada. Sijui! Mwanangu ananitazama kama mgeni."

"Basi usikae hapa kulia. Mbebe umpeleke kwa watu wa dini yenu. Mimi nitafunga mlango."

Maalim Sadalla alikuwa mtu wa kusomea wagonjwa, na majini alikuwa anayajua kwa sauti zao. Alimweka mtoto mkekani, akasoma. Akasoma tena. Kisha akaacha kusoma, akafuta jasho.

"Maalim, ni pepo?"

"Afadhali angekuwa pepo. Pepo ningempandisha nikasema naye." Alipunguza sauti. "Huyu ni mtoto. Mtoto tu wa watu, anaogopa. Lakini si wako, Mwanamkasi."

Mwanamkasi alimgeuza mtoto uso, akamkagua.

"Mwili ni wa Sabiha," Maalim akasema. "Aliyemo siye. Jana mlikwenda wapi?"

"Pembeani."

"Inavunjwa leo, magharibi. Kimbia!"

Alikimbia. Mtoto mgongoni, kanga moja kiunoni, nyingine imeanguka njiani hata hakuigeukia. Kichwa wazi, kwenye njia iliyojaa wanaume! Watu wakamwita, hakuitika. Alikuwa anasema moyoni, yarabi nisimkose, yarabi nisimkose, na yule mgongoni alikuwa mzito na wa baridi, maji yanamshukia mgongoni kutoka mwilini mwa mtoto ambaye hakuoga.

Uwanjani wasukumaji walikuwa wameanza kulegeza kamba. Lori lilikuwa limeshafika, limegeuzwa tayari kwa kupakia. Mwanamkasi hakusalimu. Alimwangukia Mzee Mselem miguuni, akaishika kwa mikono yote.

"Nirudishie mwanangu! Nitakutumikia, nitakuwa mtumwa wako. Nirudishie!"

Wasukumaji wakatazamana. Mzee akawaambia waende dukani wakanywe chai, naye atawaita. Walipoondoka akachuchumaa. Hakumtazama Mwanamkasi. Alimtazama mtoto, na machozi yakamtoka.

"Mboni," akanong'ona.

Mtoto akageuka.

Tangu jana lilikuwa jina la kwanza kuligeukia.

"Ni nani Mboni?" Mwanamkasi akauliza.

"Mwanangu. Aliingia kisimani. Nilikuwa juu nimeshika kamba, ananiita, kamba haimfikii. Ningeteremka ningemtoa. Niliogopa. Nilisimama pale mpaka akanyamaza."

"Na mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mbao zile zilizofunika kile kisima ndizo nilizotengenezea pembea. Nyinyi mnadhani watoto wanashikwa na hofu kule juu kwa sababu ya urefu? Mnazi si mrefu? Pembea bila hadithi ni mbao tu. Nimeichora hadithi yake ndani ya makasha, kipande kwa kipande, na ikizunguka inajisimulia. Pale juu tumbo linapokatika, ndipo inapokupitia. Watoto wote inawapitia, wanacheka, wanashuka. Lakini akijibu... amekubali kuingia. Na mmoja akiingia, mmoja anatoka. Nilitaka kumwona, mwanangu. Nilitaka ale Idi!"

"Hajala kitu!" Mwanamkasi akapiga kelele. "Tangu jana hajala kitu, anatetemeka tu! Na wangu yuko kule ndani, peke yake!"

Mzee akafunika uso. Jua lilikuwa limebaki ukingo.

"Hadithi yangu haina mwisho," akasema. "Sikuweza kuimalizia. Mtu akiimalizia, mlango unafunguka. Panda naye. Ukifika juu, teremka kisimani. Useme kwa mdomo wako kila unachokifanya. Usinyamaze hata kidogo. Ukinyamaza, na wewe ndiyo basi."

Mtoto alipoliona lile kasha akaanza kulia. Alimng'ang'ania Mwanamkasi shingoni.

"Mama, usinirudishe. Mama..."

Lo! Mwanamke gani asiye na moyo? Mwanamkasi alilia naye. Lakini alipanda. Alimpakata, akamfunika uso, na kila alipomsikia akisema mama alimfikiria yule mwingine anayesema mama mahali asiposikiwa na mtu.

"Paukwa!" mzee akaita, sauti imekatika.

"Pakawa," akajibu Mwanamkasi.

Kriii... kriii...

Ndani ya kasha, pale ambapo hakuna mzazi aliyetazama, kulikuwa na picha. Duara jeusi. Kando yake mtu amesimama, ameshika kamba. Hakuchorwa uso. Kasha likainuka, na duara lile likazidi kupanuka. Likala rangi. Likala mbao. Sauti za mji zikakatika, na ile harufu ikaja.

"Mama akashika kamba," Mwanamkasi akasema, meno yanagongana. "Mama... mama akateremka."

Na kamba ilikuwa mkononi mwake. Imelowa, inakwaruza. Kasha halikuwapo. Mtoto aliyempakata hakuwapo. Kulikuwa na giza na kuta za mawe zenye utelezi.

"Mama akateremka. Akateremka tena. Kamba ikaisha, mama akanyoosha mkono."

Chini, maji yakatikisika.

"Mama!"

"Niko hapa! Mama akamsikia mwanawe. Mama akamshika mkono..."

Mkono mdogo ukaingia kiganjani mwake. Baridi, lakini hai. Alitaka kupiga kigelegele. Halafu mkono mwingine ukaja, ukamshika palepale, juu ya ule wa kwanza.

"Mama!" ikasema sauti ya kushoto.

"Mama!" ikasema sauti ya kulia.

Sauti moja. Woga mmoja. Mikono ile ile.

Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kamba. Wa pili ulikuwa umeshikwa na watoto wawili, na kamba ilianza kulia juu kule. Nyuzi zilikuwa zinakatika, moja baada ya moja.

"Mama akawavuta," akasema. "Mama akawavuta wote... akawavuta..."

Hawakuja. Walikuwa wazito, na bega lilikuwa linachanika.

"Sabiha ni nani? Niambieni, Sabiha ni nani?"

"Mimi, mama!"

"Mimi, mama!"

Kamba ikashuka ghafla. Maji yakamfika miguuni. Alihisi ulimi unakuwa mzito, alihisi kimya kinamjia, na alijua akinyamaza wote watatu wamekwisha.

"Mama," akasema, "mama akamwachia mmoja."

Akautikisa mkono.

Vidole vidogo viliteleza. Vilimkwaruza kiganja chote vikienda. Kisha maji yakapokea kitu, na hakukuwa na mayowe, kulikuwa na neno moja tu, lile lile.

"Mama akapanda na mwanawe," akasema huku analia. "Na hadithi ikaishia hapo."

Kasha lilikuwa chini. Taa za karabai zilikuwa zinawaka dukani. Mapajani mwake kulikuwa na mtoto mwenye mwili wa moto, anahema, nywele zimemganda usoni.

"Mama, nina njaa," mtoto akasema. "Sinia la shangazi liko wapi?"

Mwanamkasi alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kuumizwa. Mzee Mselem alikuwa amekaa mchangani, mgongo kwenye nguzo. Hakuja kutazama.

"Mzee, huyu ni wangu. Amelijua sinia. Ni wangu, sivyo?"

"Nilisikia mmoja akitumbukia," mzee akasema. "Na Mboni alikaa kwako usiku na mchana mzima. Lipi asilolijua la nyumbani kwako?"

"Wewe babake! Mtazame basi, uniambie!"

Mzee aligeuza uso upande wa lori.

"Nimemkimbia mara moja," akasema. "Sina macho ya kumtazama mara ya pili. Mchukue, mwanangu. Usimuulize kitu."

Pembea iliondoka usiku ule na Tanga haikuiona tena. Wapo waliosema mzee aliichoma moto njiani, wengine wakasema aliiuza Mombasa. Anayejua simjui.

Nyumbani mtoto alikula uji wa Beatrisi mpaka akalamba bakuli. Alicheka. Aliitikia jina la Sabiha. Beatrisi alipiga ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu wake, akaenda zake akiwa na furaha. Uweso aliporudi kutoka Pemba alimbeba mwanawe begani, akasema amekua, na mkewe hakumwambia neno.

Lakini hayo ni ya baadaye. Usiku ule wa kwanza Mwanamkasi alizima kandili, akajilaza, mtoto ubavuni. Alidhani amelala.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Yule mwenzangu wa kule chini alikuwa anasema wewe ni mama yake yeye." Mtoto alisogea karibu zaidi. "Alikuwa muongo, siyo?"

Kiganja cha Mwanamkasi kilikuwa kinamuwasha, pale vilipopita vidole. Akakisugua kwenye kanga, mpaka mtoto akamtikisa.

"Siyo, mama?"

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa muongo. Lala."

Akamvuta kifuani, akamshika kwa mikono yote miwili.