Safari ya Nakasero Uani

Kila asubuhi baada ya uji, Mzee Marjan alisafiri kwenda soko la Nakasero bila kutoka langoni. Korona ilikuwa imewafungia watu wa mtaa wa Kawempe nyumbani, naye, kwa ugonjwa wake wa sukari, aliagizwa na muuguzi Acen atembee hatua elfu tatu kwa siku. Mjukuu wake Lailah, msichana wa miaka kumi na miwili, alitembea naye akiwa na simu ya kuhesabu hatua. Jioni alimtumia muuguzi hesabu hiyo.

"Sasa tuko soko la Owino," Babu alisema akizunguka ua, macho ameyafumba nusu. "Sikia wachuuzi wanavyoita wateja!"

Lailah aliwasikia kweli. Nguo zilizoanikwa ziligeuka mitumba, na kuku wa jirani wakawa wachuuzi. Mbele yao kilingoja kibanda cha Babu cha vitunguu kule Nakasero, alichotamani mno kukifungua tena.

Lakini barakoa alizokata mama yake zilimsubiri Lailah azishone, na Babu alijikokota. Siku moja Lailah alijifunga simu kwenye kifundo cha mguu, akaketi kwenye cherehani. Mguu ulikanyaga pedali, hatua zikapanda zenyewe. Babu alipomaliza mizunguko miwili tu, Lailah alimwambia, "Tumefika, Babu."

"Siku hizi Nakasero imesogea karibu!" Babu akacheka, akajilaza kwenye jamvi. Ikawa hivyo wiki mbili.

Ndipo muuguzi Acen akapiga simu, sauti yake ikasikika ua mzima. "Mzee, unatembea vizuri, lakini kipimo chako cha sukari bado kiko juu. Basi dawa haitoshi. Kesho tutaiongeza."

Lailah aliisogelea simu. Je, dawa ikizidi na kumwangusha Babu? Aliona haya, lakini hofu ilizidi haya.

"Sista, usiongeze! Hatua ni zangu, za cherehani. Babu hakutembea."

Babu aliinuka jamvini. "Kumbe sikufika," alisema taratibu. Lailah akaangua kilio.

"Umefanya vyema kusema," muuguzi alimwambia. "Simu haijui mguu ni wa nani. Mimi nakutegemea wewe."

Kesho yake simu ilifungwa kifundoni mwa Babu mwenyewe. Siku hiyo waliishia Owino. Mwezi ulipokwisha, hatua elfu tatu zilitimia, na sukari ikashuka bila dawa kuongezwa.

Babu alisimama chini ya kamba ya nguo, akafumba macho. "Unasikia harufu ya vitunguu?"

"Naisikia, Babu."

"Basi leo tumefika. Siku ukichoka, mjukuu wangu, niambie umechoka, nami nitakungoja. Lakini usiniambie tumefika kama hatujafika."