Usiniambie, Nitaona Mwenyewe

“Haijafutika?”

“Haijafutika.”

“Hebu lete hiyo simu.”

“Kaka Pil-ho, hata ukiitolea macho wewe, haitafutika.”

Mun-gil aliilaza simu kifudifudi kando ya bakuli lake la supu ya nguruwe. Supu ilikuwa imeshapoa, mafuta yameganda juu. Hakumaliza hata kuvuta pumzi, akaigeuza tena. Ujumbe ulikuwa pale pale, neno moja tu, alilotuma jana usiku nyuma ya jukwaa:

“Nimesema.”

Na kando yake ile namba moja ndogo ya manjano, inayokaa hapo mpaka aliyetumiwa aufungue ujumbe na kuusoma. Saa kumi na sita zilikuwa zimepita. Moja ilikuwa imekaa, kama mwiba kwenye kidole.

Ilikuwa Jumamosi mchana, siku moja baada ya Tuzo za Taa Nyeupe, na Busan nzima haikuwa na mazungumzo mengine. Kwenye duka hili la supu pale Seomyeon, klabu ya Jina la Mwisho ilikuwa imejaza meza tatu. Hawa ni watu ambao filamu ikiisha hawainuki vitini mpaka jina la mwisho kabisa lipite kwenye skrini, hata kama ni jina la dereva wa lori la taa. Kila mwaka, siku inayofuata tuzo, hukutana hapa kugombana.

“Mwigizaji bora wa kike wamechemsha!” alifoka Pil-ho, muuza vitabu na kiongozi wa klabu. “Amelia filamu nzima. Kulia nako ni kuigiza? Mimi nikikata vitunguu nipewe tuzo?”

“Wewe hukutazama filamu, ulitazama gauni,” alijibu Ran-hui, mwalimu wa sekondari mwenye ulimi wa wembe. “Tena ulisimamisha picha. Mkeo kaniambia.”

Meza zikaangua kicheko. Mun-gil peke yake hakucheka, na yeye ndiye aliyekuwa mshindi.

Mama mwenye duka, ambaye wateja wote humwita mama mdogo, alikuja na bakuli jipya akaliondoa lile lililopoa.

“Mwanangu, umepewa tuzo ya sauti bora, mbona huna hata sauti ya kunywea supu?”

“Koo limekauka, mama mdogo.”

“Koo halikauki mbele ya supu yangu. Kilichokauka ni kitu kingine.”

Ilikuwa kweli. Mun-gil alikuwa mtu wa kutengeneza sauti za nyayo. Mwigizaji akishapigwa picha akitembea, hatua zake hazisikiki vizuri. Basi Mun-gil hujifungia studio, akavaa viatu, akatembea juu ya mchanga, mbao au changarawe, mpaka yule wa kwenye skrini apate miguu. Miaka kumi alikuwa miguu ya watu wengine. Midomo yake mwenyewe ilikuwa na kufuli.

Kufuli hilo ndilo lililomchosha Se-ryeong. Walijuana kwenye klabu hii hii, wakapendana miaka mitatu, na miaka yote mitatu Mun-gil alimwomba asimtaje nyumbani. “Subiri kwanza nipate jina.” Alhamisi, nje ya duka la dawa anakofanya kazi, Se-ryeong alimaliza maneno yote.

“Mama amenitafutia mtu. Daktari wa meno. Jumamosi saa tisa tunakutana kwenye ile hoteli kubwa ya Haeundae, yeye na mama yake, mimi na mama yangu.”

“Na wewe umekubali?”

“Nimekubali kwenda. Nikitoka hapo mama atanitaka jibu, na safari hii nitampa.”

“Se-ryeong...”

“Usinong’one! Kila siku unaninong’oneza kama mtu anayeiba. Kama una neno, liseme mbele ya watu. Usinitumie ujumbe, usinivizie uchochoroni. Mtu wa sauti asiye na sauti, nimeona kwako tu!”

Mun-gil alibaki amesimama kama nguzo.

Lakini jana, jina lake lilipotajwa, alipanda jukwaani na miguu ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa yake. Akaishika ile tuzo, akasema, na nchi nzima ikamsikia:

“Kila hatua ya yule mjane muuza mwani mliyoisikia kwenye filamu, nilitembea na viatu vya zamani vya Se-ryeong, vyenye kisigino cha kushoto kilicholika upande. Se-ryeong, ulitaka niseme mbele ya watu. Hawa hapa. Nakupenda, nataka kukuoa. Kesho saa tisa usiende. Ukienda, nitajua hilo ndilo jibu lako.”

Ukumbi ulilipuka. Na simu ikakaa kimya.

“Labda kalala,” alisema Pil-ho.

“Halali,” alisema Ran-hui polepole. Aliweka kijiko chini. “Mun-gil, sikutaka kukwambia. Nilipokuwa nakuja nimepita saluni ya pale kona. Se-ryeong alikuwa ndani na mama yake. Anatengenezwa nywele.”

Vichwa vya meza zote tatu vikamgeukia Mun-gil.

Mun-gil alilirudia moyoni. Anatengenezwa nywele. Basi anakwenda. Amenisikia mbele ya nchi nzima, na anakwenda.

“Sawa,” alisema. “Basi ni hivyo.”

“Sawa nini?” mama mdogo alidakia. “Mbona mnakata shauri kama mahakama isiyo na shahidi? Kwani huyo binti alitazama hizo tuzo?”

“Mama mdogo, nani hakutazama?”

“Mimi sikutazama. Nilikuwa nachemsha mifupa.”

Pil-ho na Ran-hui walitazamana. Uso wa Pil-ho ukabadilika rangi.

“Mun-gil... Hukuona bundi?”

“Bundi gani?”

“Kwenye kundi letu. Jana saa moja jioni.”

Mun-gil alifungua kundi la klabu, alilokuwa hajaligusa tangu jana. Ujumbe mia sita na kumi na tatu, wa pongezi na picha za ngoma. Akapandisha, akapandisha, kidole kikauma, mpaka juu kabisa. Pale, Se-ryeong alikuwa ameweka picha ya bundi aliyeziba masikio kwa mbawa, na chini yake maneno:

“Niko zamu dukani mpaka saa nne. Nitatazama marudio kesho saa kumi na mbili jioni. Mtu asiniambie! Sifungui simu ya yeyote mpaka nitazame.”

Hii ilikuwa sheria ya klabu. Aliyeweka bundi haambiwi matokeo. Atakayemwambia hatakaa na klabu msimu mzima.

“Hajui!” Mun-gil alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. “Hajui kitu! Atatazama saa kumi na mbili, na jibu atalitoa saa tisa! Kwa nini hamkumwambia?”

“Sheria...” alisema Pil-ho.

“Sheria! Mtu anaposwa mbele ya taifa, nyinyi mnanitajia sheria!”

“Tulidhani mmeshapatana! Nani huchumbia mtu jukwaani bila kumwambia awashe televisheni?”

Mun-gil akapiga simu. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa.

“Tumia ya dukani,” alisema mama mdogo, akimsukumia simu ya mezani yenye madoa ya pilipili. “Namba hii haijui.”

Ikaita mara mbili.

“Halo?”

“Se-ryeong, ni mimi.”

“Usiniambie!”

“Nisikilize kidogo...”

“Sitaki! Kama umeshinda, nataka nikuone ukishinda. Kama umeshindwa, nitalia mwenyewe. Jambo moja tu nimejibakizia kwako, kuuona uso wako pale. Usiniharibie na hilo!”

“Si habari ya tuzo! Ni saa tisa, usi...”

Ikakatwa.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu.

“Unasimama nini?” Ran-hui alimtupia koti. “Kimbia!”

Barabara ya kwenda Haeundae Jumamosi haina tofauti na maegesho, kwa hiyo alishuka kupanda treni ya chini ya ardhi. Alisimama mlangoni, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Wasichana wawili karibu yake walikuwa wameinamia simu moja.

“Yule wa sauti hajajibiwa mpaka sasa. Watu wanasema dada kamtosa.”

“Maskini! Na masikio yale makubwa.”

“Mimi ningemkubali.”

“Na masikio yake?”

“Si ndiyo kazi yake?”

Mun-gil akayaficha masikio ndani ya kofia. Aliangalia simu. Moja. Kituo kimoja, moja. Vituo vitano, moja. Alijaribu kupanga maneno, yakawa yanamkimbia kama kuku bandani. Jana taa zilikuwa kali, hakuona jicho la mtu. Leo atayaona yote.

Saa tisa na dakika kumi na mbili aliingia kwenye ukumbi wa kahawa wa hoteli, jasho linatiririka. Aliwaona dirishani. Se-ryeong, nywele zimetengenezwa, macho kwenye kikombe. Mama yake, amekaa wima kama rula. Mbele yao mama mwingine mwenye hereni za lulu, na kijana nadhifu mwenye miwani, aliyekuwa akijitahidi kuvunja kimya.

“Jana ulitazama tuzo? Kuna jamaa mmoja wa sauti, bwana, alipanda jukwaani...”

“Usiniambie!” Se-ryeong aliziba masikio kwa viganja viwili. “Samahani daktari, usiniambie, nitatazama jioni!”

Mama yake alimfinya paja chini ya meza. Wakati huo huo daktari aliinua macho, akamwona Mun-gil amesimama hatua mbili kutoka mezani. Mdomo ukamfunguka.

“Lakini huyu si ndiye...”

“Usiseme!” alipiga kelele Se-ryeong. Kisha akageuka, akamwona. Viganja havikutoka masikioni. Vilikaza zaidi, na macho yakajaa maji.

“Na wewe nenda! Uso wako utanionyesha matokeo!” Akafumba na macho.

“Huyu ni nani?” mama yake aliuliza. Sauti haikuwa kubwa, lakini vijiko vya meza za jirani vilisimama.

Hapo ndipo palipokuwa na lile kufuli la miaka mitatu. Angeweza kusema mimi ni rafiki wa klabu. Ndivyo alivyojizoeza. Na anayempenda hamsikii, hamwoni, hakuna atakayemlaumu.

Akavua kofia, akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti.

“Shikamoo, mama. Naitwa Mun-gil. Natengeneza sauti za nyayo kwenye filamu. Nina miaka mitatu na binti yako, na mimi ndiye niliyemkataza kunitaja, kwa woga wangu. Kosa si lake. Nimekuja kusema mbele yako nilichokisema jana mbele ya watu wote: nampenda, na nataka kumwoa.”

“Jana mbele ya watu wote?” mama alirudia. “Nchi nzima inajua, mimi mzazi najua leo kwenye kahawa?”

“Hata yeye hajui, mama.”

“Hajui nini?”

“Kwamba nimemposa. Hajatazama.”

Mama alimgeukia bintiye aliyeziba masikio na kufumba macho kama mtoto anayeogopa radi. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, akaidhibiti.

Daktari alikuwa ameshatoa simu yake. Akaitafuta sehemu, akaiweka mezani mbele ya Se-ryeong, akamgusa mkono kwa upole mpaka kiganja kimoja kikalegea sikioni.

“Dada, hakuna atakayekwambia. Tazama mwenyewe. Nimeanzia tuzo ya sauti.”

Se-ryeong akafumbua jicho moja. “Umeruka za mwanzo?”

“Nimeruka.”

“Hairuhusiwi kuruka.”

“Dada, leo ruka.”

Akateremsha mikono. Kwenye skrini, mtu wa masikio makubwa alikuwa anapanda ngazi. Mun-gil alibaki amesimama, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kile kisimu, nyembamba, inayotetemeka. Viatu vya zamani vya Se-ryeong. Kisigino cha kushoto. Hawa hapa. Alitamani sakafu immeze. Mama mwenye lulu alikuwa amekwisha kutoa leso, anajifuta.

Hotuba ikaisha. Makofi yakaisha. Se-ryeong hakuinua kichwa.

“Kwa hiyo?” aliuliza mama yake.

Se-ryeong aliinua kidole: subiri. Akasogeza picha mpaka mwisho wa matangazo, majina yakaanza kupanda. Wapiga picha. Wapambaji. Mafundi umeme. Watu wanne wakangoja, na Mun-gil akahesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe, akaona hakuna ngoma iliyowahi kupigwa vibaya hivyo. Wapishi. Madereva. Jina la mwisho likapita, skrini ikawa nyeusi.

Daktari akasimama, akafunga kifungo cha koti.

“Jana sebuleni nilimwambia mama: huyo mwanamke akimkataa huyu bwana, basi hana moyo. Sikujua kiti cha kuinuka ni changu.” Akamwinamia Mun-gil. “Kaa, kaka. Kiti bado kina joto.”

Mun-gil hakuthubutu kukaa. Alimtazama mama. Mama akamtazama kuanzia kofia mkononi mpaka viatu, akavitazama viatu kwa muda mrefu.

“Kaa,” alisema. “Usidhani nimekubali. Una maswali mengi ya kujibu.”

Akakaa. Se-ryeong alikuwa ametoa simu yake mwenyewe kwenye mkoba, ameinama, nywele zimefunika uso. Mun-gil aliyajua mabega yale. Hakuweza kujua kama yanacheka au yanalia. Simu ya Mun-gil ikatikisika mfukoni. Akaitoa.

Namba moja haikuwepo tena.

Chini ya “Nimesema” yake, jibu lilikuwa neno moja:

“Nimesikia.”

Na chini ya meza, kisigino cha kushoto cha kiatu chake kipya, nacho kimeanza kulika upande, kikamgusa mguu, mara mbili, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango anaoujua.