Kiganja Kilichokwanguliwa

Katika enzi za milki ya Uluvya, kabla bunduki hazijapanda milimani, mfalme akifa kila mji ulipeleka ikuluni ngao ya ngozi ya nyati, imepigwa viganja vya wazee wa kaya kwa udongo mwekundu. Ngao ikilazwa miguuni pa mwana wa mfalme ambaye mji unamtaka atawale, mji umekwisha sema, wala hainyanyuliwi tena. Mji usiofika ulihesabiwa uko na mwana mkubwa.

Mwaka ule ngao ya Kwemtondo ilibebwa na Shechambo, mkaidi mwenye vidole vinne mkono wa kuume. Mji wake ulimchagua Ngulwi, mwana mkubwa, kwa kuwa aliwaahidi chumvi. Chumvi tu iliwapumbaza wazee wazima, na Shechambo naye alipiga kiganja chake kama wenzake.

Kwenye kivuko walikuta mateka wamefungwa makongwa shingoni. Walikuwa majirani zao wa Mbaghai, wakiswagwa na askari wa Ngulwi kwenda kuuzwa.

"Kumbe chumvi yetu inanunuliwa hivi," alisema Shechambo.

Shemeji yake Mntangi, aliyemsindikiza na mkuki, aliinamisha kichwa. "Sisi ni wajumbe, shemeji. Tumetumwa, hatukuulizwa."

"Mwakani watakuja kwetu."

"Basi turudi tuwaambie wazee."

"Tukirudi, Ngulwi atatawazwa tungali njiani."

"Ukiilaza ngao kwa mdogo wake, umeiba kauli ya mji. Hawatakusamehe."

"Najua," alisema Shechambo, akajitwika ngao.

Ikuluni alikuta ngao tatu kwa Ngulwi na tatu kwa mdogo wake, Kibanga. Akailaza ya Kwemtondo miguuni pa Kibanga. Ngulwi akakimbilia nyikani, na mateka wakafunguliwa.

Aliporudi, lango la Kwemtondo lilikuwa limezibwa kwa miiba. Mzee Senkondo alisema naye kutoka ndani.

"Huenda umetuokoa, Shechambo. Lakini hatukukutuma utuokoe."

"Naomba nimwone mke wangu."

"Mke wako yuko hapa. Amekusikia."

Miiba haikuondolewa langoni. Shechambo alifia Mbaghai, ugenini, kwa watu aliowaponya.

Miaka ilipita, na sifa za ikulu zikauita Kwemtondo mji wa busara, uliomkataa Ngulwi. Wazee walipoalikwa kutunzwa kwa heshima hiyo, walivaa ngozi za chui, wakaenda. Ila kwanza walimtanguliza ikuluni mtu na kisu. Ngao ile ilidumu hadi milki ilipoanguka, imejaa viganja vyekundu, na mahali pamoja, palipokuwa na kiganja cha vidole vinne, pamekwanguliwa hadi ngozi ikatoboka.