Vipimo vya Mama Mkate

Kila siku nikitoka shule nilipitia karakana ya shangazi yangu, fundi cherehani. Nilifagia vipande vya vitambaa, nikaokota pini kwa sumaku, kisha nikaketi kwenye kompyuta kuukuu ya pale kona na kuandika blogu yangu. Niliandika mambo ya hapo hapo: pasi iliyounguza shati, vifungo vilivyopotea, paka aliyejilalia ndani ya koti lisilomaliziwa. Anwani ya blogu niliibandika kando ya kioo cha wateja. Shuleni waliniita Daftari.

Wenzangu hawakuwa na habari na maandishi. Walipiga picha, wakaziweka mitandaoni, na saa ya mapumziko walibanana kwenye benchi wakihesabu nani kapendwa zaidi. Mimi niliketi kwenye ngazi peke yangu. Siku moja nilimwomba jirani yangu wa dawati asome ukurasa wangu. Alitelezesha kidole mara mbili, akaniuliza picha ziko wapi. Nilicheka naye, nikajikaza, lakini niliumia sana.

Nilikuwa na msomaji mmoja tu. Alijiita Msomaji wa Asubuhi, na kila kulipokucha nilikuta neno lake. Nilipoandika habari za paka, aliuliza kama tumeshampa jina. Nilipoandika kwamba sina wa kuketi naye, alijibu: "Hata mimi hunywa chai peke yangu. Leo nimeinywa nikikusoma." Sikumjua ni nani, na nasema kweli, sikumthamini. Mtu mmoja nilimwona si kitu.

Basi akaja Mama Mkate, muoka mikate wa mtaa wetu, akitaka kupanuliwa gauni la kuvaa kwenye harusi ya mpwa wake. Shangazi alimpima nyuma ya pazia akitaja tarakimu kwa kunong'ona, nami nikaziandika kwenye daftari la vipimo. Daftari lile halikufunguliwa kamwe mbele ya mteja mwingine. Kuaminiwa kulishika ilikuwa heshima, na mimi nililijua hilo.

Hata hivyo, jioni ile niliviandika vipimo vyake kwenye blogu, tena nikatia chumvi. Kiuno nilikiongeza inchi nane. Nilidai kwamba tepu haikutosha, ikabidi tuiunge na kamba ya kuanikia nguo. Jina sikulitaja, ila nilisema mteja huyo ana unga hadi kwenye nyusi. Mtaani kwetu muoka mikate ni yeye tu.

Kesho yake jirani yangu wa dawati alisoma, akacheka mpaka machozi, akaisambaza kwenye kundi la darasa. Kufikia saa sita nilikuwa na wasomaji mia mbili na kumi na wanne. Wenzangu walinisogezea nafasi kwenye benchi. Kichwa kilinivimba, hata sikugundua kwamba Msomaji wa Asubuhi hakuandika neno.

Mchana nilimkuta Mama Mkate karakanani. Alitaka gauni lake, hata kama lilikuwa limefumuliwa. Alimweleza shangazi, bila kupandisha sauti, kwamba watoto walikuja dukani kwake na kamba ya kuanikia nguo. Kisha akanigeukia.

"Yule paka mlimpa jina gani?" aliniuliza.

Nilimwambia bado hana jina.

"Nakusoma kila asubuhi nikisubiri unga uumuke," alisema. "Leo nimesoma, nikajikuta ni mimi."

Alikunja gauni lake, akaondoka. Alikuwa mteja wetu kwa miaka tisa.

Shangazi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nilifuta maandishi yale. Mahali pake niliandika kwamba nimesema uongo, na kwamba hata sehemu iliyokuwa kweli haikuwa yangu kuitangaza. Darasani waliniambia nimewaharibia raha, na siku iliyofuata nilirudi kwenye ngazi zangu.

Baada ya masomo nilikwenda kwenye tanuri la mikate.

"Shikamoo, mama. Nimekudhalilisha ili watu wanisome. Nisamehe."

"Marahaba," aliitikia, akaendelea kukanda. Alimaliza donge zima kabla ya kufuta mikono na kunipa gauni. "Mpelekee shangazi yako. Harusi ni Jumamosi."

Shangazi alilipokea, akalitandaza mezani.

"Mwanangu, mtu akikubali nimpime, amenikabidhi aibu zake," alisema. "Nikizitangaza, hata nishone vizuri namna gani, mimi si fundi. Na wewe ukiandika ni hivyo hivyo. Andika kweli, na siri ya mtu muachie mwenyewe. Kisha ukipata hata mmoja anayekusikiliza, mshike. Wale mia mbili walikuja kucheka tu, wameshakwenda zao."

Tulishona gauni hadi magharibi, mimi nikitia uzi kwenye sindano.

Nikaendelea kuandika. Siku nne hapakuwa na neno, na kila asubuhi nilifungua ukurasa nikaukuta mtupu. Sikuwahi kumkumbuka namna ile mtu ambaye sijawahi kuketi naye. Kisha Jumapili, kulipokucha, nilikuta mstari mmoja:

"Gauni limenikaa vizuri. Paka mwiteni Pini."