Tangi Chini ya Jiko la Bibi Eufronia

Jua lilikuwa linazama Marivel alipofika nyumba ya mwisho ya mtaa ule, katika mji mdogo kisiwani Negros. Halmashauri ilimpa kazi ya kukagua matangi ya vyoo nyumba kwa nyumba, maana visima vilianza kunuka na watoto wakawa wanaharisha. Alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, aliyoipata baada ya miaka ya kumlilia Mungu. Mumewe alimsihi apumzike. Akasema, imebaki moja tu.

Bibi Eufronia alikuwa jikoni, anakaanga samaki wakavu.

"Tangi liko wapi, bibi?"

"Umelikanyaga."

Marivel akacheka. Kila mtaa aliwakuta hivyo: watu wamejenga jiko juu ya tangi, wakabandika vigae juu ya mfuniko, wakasahau. Akashika nondo yake agonge sakafu, asikilize palipo patupu.

"Hujaomba ruhusa."

"Si ndiyo nakuomba?"

"Mimi niko juu, mwanangu." Bibi akageuza samaki. "Waombe wa chini. Sema, tupisheni wenyeji. Hata watoto hapa wanajua."

"Mimi mtu wa kanisani, bibi. Namwomba Mungu peke yake."

"Haya, mtu wa kanisani. Gonga."

Ni vyema kumwomba Mungu peke yake. Lakini jioni ile, Bwana atusamehe, Marivel hakumwomba hata Yeye. Alikuwa na haraka.

Ko. Ko.

Karibu na meko sauti ikabadilika, ikawa ya patupu... Akapiga magoti, tumbo likimlemea.

Chini ya vigae, kitu kikagonga.

Akadhani ni masikio yake. Akagonga tena.

Kikajibu... taratibu, kwa kidole.

Harufu ikapanda. Haikuwa ya choo. Ilikuwa ya maziwa yaliyochacha, na ya kichwa cha mtoto mchanga.

"Nani yumo humu?" akanong'ona.

"Delia wangu." Bibi hakugeuka. "Tulipochimba, fundi alipewa kuku amchinje, damu iingie shimoni. Yeye akaenda kumla kuku huyo kwa pombe ya nazi. Basi ardhi ikajichukulia. Delia ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea."

"Bibi... nifungulie mlango."

"Nani kakufungia?" Akaepua kikaango. "Kila jioni ananililia, anataka mdogo wake wa kucheza naye. Mimi na uzee huu nitamtoa wapi? Nikasikia halmashauri inamtuma mjamzito agonge sakafu za watu. Nikapiga msalaba, nikashukuru."

Marivel akakimbia. Alikimbia vizuri mno, kama msichana... na alipofika barabarani ndipo akaelewa kwa nini.

Gauni lilikuwa linampwaya.

Hospitali hawakuona damu wala jeraha. Daktari alimpima, akampima tena, kisha akamvuta mumewe pembeni. "Nani aliwaambia huyu ana mimba?"

Mumewe alirudi na polisi, wakavunja sakafu. Wakakuta tangi kavu, safi, halijawahi kutumika. Wakalifunika, wakarudishia vigae.

Hata hivyo maziwa yalimtoka Marivel, na hayajakoma. Padri amemwombea, ameshindwa. Kila jua likizama anakwenda kwa Bibi Eufronia, anapiga magoti karibu na meko, anajikamulia kwenye ufa wa vigae. Chini kunasikika kunyonya. Wakati mwingine kunasikika kugombana.

Bibi humwekea mkono begani.

"Hapo unampa Delia," humwambia. "Wako ni huyo anayekohoa."