Chingamu ya Sista Nafula

Adhuhuri hiyo Malaba ilikuwa imefurika malori. Foleni ilianzia kwenye kizuizi cha forodha ikajikunja hadi nje ya mji, injini zikinguruma, madereva wakitupiana maneno, na akina mama wakipenya katikati yao na beseni za ndizi mbivu kichwani. Paulinus Emukule, ajenti wa kupitisha mizigo, alichomoka ofisi ya forodha na makaratasi kwapani, sigara mdomoni, akamvaa mtu mlangoni pu!

Jivu likamwagikia gauni jeupe.

"Pole, sista! Pole sana!"

Mwuguzi alijipangusa bila haraka. Alikuwa msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, mkanda wa buluu umemkaza kiuno, nywele zimetimka duara kuzunguka kofia yake ndogo.

"Watu kama wewe ndio nawatafuta," alisema.

Moyo wa Emukule uliruka. "Mimi?"

"Wewe na wenzako wanaotoa moshi kama gari-moshi la Kampala. Naitwa Nafula. Tunafanya utafiti pale Busia wa kusaidia watu kuacha sigara. Kuna chingamu ya kutafuna. Wengine watapewa yenye dawa, wengine isiyo na dawa, na hakuna ajuaye nani kapata ipi. Hata mimi sijui. Ukichoka unatoka, hakuna atakayekuuliza sababu."

"Na wewe utakuwepo?"

"Kila Ijumaa."

"Basi niandike, sista. Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo."

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha huo ulikuwa na kiini. Kikohozi kilikuwa kimeanza kumwamsha alfajiri, na baba yake alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua.

Ijumaa zikawa sikukuu. Emukule alivaa shati la kola pana na suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi la Busia, akaenda kwenye kliniki ndogo nyuma ya soko. Pale alipuliza pumzi kwenye mashine iliyopima moshi uliobaki mwilini, akapewa chingamu zake, akajibu maswali.

"Mulembe, sista," alimwamkia kwa Kiluhya.

"Yoga, bwana Emukule," Nafula alimjibu kwa Kiteso. "Ulivuta wiki hii?"

"Mbili. Lori la mtu lilizuiwa forodhani, halafu wino ukaniishia siku hiyo hiyo. Ungefanya nini wewe?"

"Ningetafuna."

"Lakini kitu chenyewe kikali kama pilipili!"

"Na sigara ni asali?"

Walicheka mpaka Phoebe, mwuguzi mwenzake, akachungulia mlangoni. Wiki zikapita. Sigara mbili zikawa moja, moja ikawa hakuna. Emukule akaanza kusikia harufu ya mvua tena, na ya sabuni mikononi mwa Nafula alipomshikisha mpira wa kupulizia. Ijumaa moja uvumilivu ukamwishia.

"Nafula, mimi nakupenda. Twende tunywe soda, tuongee kama watu."

Nafula aliinamisha macho. Alipoyainua yalikuwa yamelowa kidogo, ingawa alitabasamu. "Mwuguzi haruhusiwi kuwa na mtu aliye kwenye utafiti. Nitafukuzwa. Usiniulize tena, tafadhali."

Emukule alirudi Malaba akiwaza. Kama kizuizi ni utafiti, si atoke kwenye utafiti? Jumatatu alimwendea Daktari Okiror, mkuu wa kliniki, akasema hataki kuendelea. Sababu hakuitaja, asije akamchongea msichana. Daktari alimshukuru, akamwambia hata hivyo angependa kumpima mwisho wa utafiti akikubali.

Emukule akatoka akipiga mluzi, akaenda posta kumpigia simu Nafula ampe habari njema. Opareta wa Busia akaunganisha.

"Hallo, mpenzi! Sasa niko huru!"

"Huru kurudia sigara," sauti ya Nafula ilikuwa baridi. "Nimesikia umeacha. Nilikuwa najisifu kwa Phoebe kwamba kuna mtu mmoja mwenye msimamo. Kumbe ulikuja kucheza na sisi."

"Hapana, sikiliza, dia—"

Simu ikakatwa.

Alipiga tena. Phoebe akajibu kwamba sista yuko na wagonjwa. Siku ya pili, yuko na wagonjwa. Siku ya tatu opareta mwenyewe aliingilia: "Bwana wa Malaba, nakuonea huruma. Panda gari uje."

Jioni hiyo, kwa hasira na uchungu, Emukule aliomba sigara kwa dereva mmoja. Alivuta nusu, akaikanyaga, akajiona mjinga kuliko wajinga wote wa mpakani. Kesho yake asubuhi akapanda gari.

Alimkuta Nafula sokoni Busia, hakuwa kazini siku hiyo, amevaa rinda la maua ya njano na skafu kichwani, akipekua mafungu ya omena. Alimwona, akamgeuzia mgongo.

"Nafula, nimeacha utafiti. Sijaacha kuacha!"

Muuza omena akacheka. Nafula aligeuka. "Unasema nini?"

"Uliniambia haturuhusiwi nikiwa kule. Nikatoka. Kwa daktari nilinyamaza ili usifukuzwe."

Omena zilimdondoka Nafula mkononi. "Wewe mwanaume! Utafiti ulikuwa unakaribia kwisha. Ungengoja kidogo tu. Kila mtu akitoka hivyo, tutajuaje kama dawa inafanya kazi?"

"Sikujua kama kuna mtu wa kungojea."

"Ungeniuliza!"

"Ulisema nisikuulize tena."

Emukule alijikuna shingo. "Kuna jingine. Jana jioni nilivuta. Nusu. Ulipokataa kupokea simu zangu. Nakwambia kabla hujaniona kwenye mashine."

Nusu hiyo ndiyo iliyomlainisha Nafula. Mtu wa kucheza na watu asingeitaja. Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya skafu. "Lipia hizi omena, kisha twende unywe hiyo soda yako."

Nafula mwenyewe alimweleza Daktari Okiror mambo yote. Daktari aliguna, akaamua kwamba Phoebe ndiye atakayempima Emukule mwishoni. Alipopuliza, mshale wa mashine haukutikisika. Na siri ya nani alipewa chingamu ipi ilipofunguliwa, ilionekana yake haikuwa na dawa hata chembe, ni ukali wa kuigiza tu.

"Nimetafuna pilipili bure!" Emukule alilalamika nje ya kliniki.

"Si bure. Wenye dawa waliacha wengi zaidi, na tumejua hivyo kwa sababu ya watu kama wewe. Ila wewe umeponywa na ukaidi."

"Basi nioe, huyu mkaidi. Ninamaanisha, nikuoe. Nafula, utakubali?"

Nafula alimwacha asubiri hadi lori likapita. "Nimekubali. Lakini baba yangu kule Marachi anavuta kiko, na mgeni humkaribisha tumbaku kabla ya chai. Ukikataa vibaya, atakufukuza. Ukipokea, nitakufukuza mimi."

Jumapili Emukule alifika Marachi na mama yake na wajomba zake. Mzee Josiah, baba yake Nafula, akajaza kiko, akakiwasha, akamnyooshea. Emukule alipiga goti moja.

"Baba, asante. Ila nimekuja kumwomba binti yako, na nataka kuishi naye mpaka tuzeeke. Kifua changu hakitanifikisha huko nikipokea."

Mzee alikitazama kiko, akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni, akakohoa kikohozi kirefu kilichomtoa machozi.

"Nafula," alisema alipopata sauti, "mletee huyu mkwe chai. Halafu uniambie, ile chingamu yenye dawa, bado ipo?"